Mshumaa wa Saba Sikuugusa

Asubuhi ile tulitakiwa kwenda mwaloni. Mjomba alikuwa ametangulia kumwambia mwenye boti asituache. Bibi alisimama mlangoni, kanga begani, akituombea dua. Mimi nilibeba mkoba wa Mama Mdogo kichwani nikiwa na sare za shule, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kumsindikiza hadi ufukweni kisha nikimbie kuwahi namba shuleni.

Tulipofika pale njia inapogawanyika, moja ikiteremkia ziwani na nyingine ikipanda kuelekea Mwanga, Mama Mdogo alisimama. Alisimama hadi mkono niliokuwa nashikia mkoba ukachoka, nikabadilisha, na huo wa pili nao ukachoka. Harufu ya dagaa walioanikwa ilikuwa inatufuata kutoka chini. Kisha akasema, "Hebu tupite huku kwanza," akaishika njia ya kupanda.

Nilidhani amesahau kitu nyumbani kwa mtu. Tulipokaribia soko la Mwanga nikadhani anataka kununua mkate wa safari. Tulipolipita soko bila kusimama, nikadhani tunakwenda kuaga ndugu nisiyemjua. Baada ya hapo sikudhani tena kitu. Nilitembea tu, nikitazama visigino vyake.

Hayo yote yalinirudia juzi. Huu mji ninaokaa sasa si wa kwetu, nimefika tu, kama nilivyofika katika mingine. Umeme ulikatika wakati wa magharibi, na mwenye nyumba wangu akaleta mshumaa uliomiminwa ndani ya kopo la nyanya. Umeme uliporudi akaupuliza. Ule moshi mweupe wa utambi uliozimwa ukanifikia pale kwenye kigoda, na mazungumzo tuliyokuwa nayo yakanipotea. Wengi wa umri wangu wamekua na taa za sola na tochi za simu, harufu ile haiwaambii chochote. Mimi inaniambia kwamba nilifanya kosa, ila kila ninapojaribu kulieleza kosa lenyewe, naliona lina sura nyingine.

Mama Mdogo Mwamini alirudi nyumbani kwa Bibi, Ujiji, akiwa na sanduku moja na godoro lililofungwa kwa kamba. Mume wake alikuwa kijiji cha kusini, safari ya kutwa kwa boti. Katika ukoo wetu, mwanamke akirudi kwa mama yake haulizwi. Anapewa maji ya kuoga, anapewa chakula, anaonyeshwa pa kulala. Maswali yanakuja baadaye, yakiletwa na wazee wa upande wa mume, na hadi watakapokuja, kila mtu anajifanya mgeni yule hakuwahi kuondoka. Kwa hiyo hakuna aliyeniambia kwa nini amerudi, na kwa kweli mpaka leo sijui vizuri.

Nilichojua ni kwamba alilala kitanda kimoja na mimi. Mama yangu mzazi alikuwa ameolewa tena ng'ambo ya ziwa, Kalemie, na nilikuwa nimezoea kulala peke yangu nikisikiliza panya wa darini. Sasa nilikuwa na mgongo wa mtu. Mgongo huo ulinukia sabuni ya mawese, na mwenye nao alikuwa akiuliza maswali kama mtoto mwenzangu. Kwa nini maji ya ziwa hayana chumvi? Nani aliyeamua kwamba mkono wa kulia ndio wa kulia? Nilimpenda haraka sana, kama mtu mwenye njaa anavyokula.

Mishumaa ilianzia kwenye simu ya jirani yetu, Mama Shabani. Kulikuwa na video ya mwanamke wa nchi nyingine akimimina kitu cheupe kama uji ndani ya glasi, akiweka utambi katikati, kisha akiuwasha mbele ya dirisha. Alikuwa anaongea muda wote, lakini kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua. Mama Mdogo aliomba airudie. Akaomba tena. Mama Shabani akasema kifurushi kinaisha, na kwamba umeme umefika mpaka Ujiji, sasa yeye anataka kurudi gizani kwa nini. Jirani mwingine akamuuliza kama anafungua kanisa. Mama Mdogo alicheka nao, lakini kesho yake aliziomba glasi zote za Bibi zilizokuwa na ufa mdogo mdomoni.

Hakuwa na mpango wa kuuza. Bibi alimuuliza mara nyingi, kwa sababu kazi ya kuuza Bibi angeielewa. Alitaka tu kujua kama anaweza.

Wa kwanza ulikuwa wa rangi ya chungwa. Mama Mdogo aliona jinsi mawese yanavyoganda kwenye chupa asubuhi za kiangazi, akafikiri kama yanaganda yenyewe, basi yakichanganywa na mishumaa ya dukani iliyoyeyushwa yatakuwa laini na mazuri kama ule uji wa kwenye video. Aliweka sufuria ndogo ndani ya kubwa yenye maji, juu ya jiko la mkaa, akakoroga. Ulipendeza sana. Nyumba nzima ilinukia kama maharage. Ulipowashwa mchana ukawa mchuzi, na utambi ukainama taratibu kama mlevi anayetafuta pa kukaa. Bibi alisema Mungu aliumba mawese yaliwe, hakusema yawashwe.

Wa pili aliacha mawese. Huo ulichimba shimo katikati na kuacha ukuta mzito wa nta pembeni, moto ukawa chini kabisa kama ndoo iliyozama kisimani. Akaandika kwenye daftari langu la zamani la hesabu, upande wa nyuma: utambi mwembamba. Wa tatu alichomoa uzi mnene kutoka utambi wa jiko la mchina la mafuta ya taa, akamimina nta ya moto ndani ya glasi aliyotoka kuisuuza kwa maji ya baridi, nayo ikapasuka kwa mlio ambao ulimfanya paka atoroke siku mbili. Akaandika: glasi ipate joto kwanza. Alikuwa na furaha. Nilishangaa mtu anawezaje kufurahi kwa kitu kilichoharibika, lakini yeye alisema kila mmoja ukiharibika anajua jambo moja zaidi, na kwamba shuleni kwetu hatufundishwi hivyo.

Kwa wa nne tulikwenda sokoni kwa mama mmoja wa Kasulu aliyekuwa akiuza asali. Tulimsalimia, "Mwakeye," naye akafurahi kwamba watu wa Ujiji wanasalimia Kiha, akatupa bonge la nta lililobaki baada ya kukamua masega. Lilikuwa la njano, na ndani yake kulikuwa na mguu wa nyuki. Mama Mdogo alilibeba kama mtu aliyebeba mtoto.

Jioni ile nikiwa uani nawasaidia kuchambua mchele, Bibi alisema bila kumtazama, "Kaka yako ananiuliza. Nimjibu nini?"

Mama Mdogo akasema, "Mwambie nimalize hili kwanza, mama. Nikipata mmoja tu uliowaka mpaka chini, nitajua pa kwenda."

Nilikuwa na miaka kumi. Mtu akisema atajua pa kwenda, maana yake anakwenda. Niliendelea kuchambua mchele na kuona mambo wazi kabisa, wazi kuliko ninavyoona chochote siku hizi: siku mshumaa utakapokubali, kitanda changu kitabaki na upande mmoja.

Wa nne niliukata utambi. Nilichukua wembe wa kunolea penseli na kuukata mpaka karibu na nta, mchana, wakati wanaswali. Ulipowashwa, moto ulikuwa mdogo kama mbegu, ukazama kwenye nta iliyoyeyuka, ukafa. Mama Mdogo aliinama akautazama kwa muda mrefu. Akaandika: unazama, sababu haijulikani. Kisha akasema basi tunaanza upya, nami nikalala usiku huo kama mtu aliyeshinda vita.

Wa tano niliutia maji kabla haujaganda. Ulipofika katikati ulianza kutema na kupasukapasuka, cheche moja ikamrukia mkononi. Wa sita niliusukuma utambi pembeni kwa kijiti wakati nta bado laini. Moto ukailamba glasi upande mmoja, ukaitia masizi meusi, mwisho ikapasuka. Sasa Mama Mdogo alibadilisha kila kitu. Alibadilisha uzi. Alihamisha mishumaa kutoka dirishani hadi chini ya kitanda, akisema labda ni upepo wa ziwa. Aliifunika kwa sufuria, akaifunua. Alijaribu kuchanganya nta ya nyuki na ya dukani, nusu kwa nusu. Daftari likajaa maneno yanayopingana. Alisema haiwezekani kitu kile kile kikatae kwa njia tatu tofauti.

Siku moja aliniketisha mbele yake akaniuliza, "Wewe una macho mapya. Unaona nini ambacho mimi sioni?"

Nikamwambia labda nta bado ina asali.

Alishinda siku nzima akiichemsha upya na kuichuja kwa kipande cha kanga, jasho likimtiririka, kwa sababu ya neno langu. Nilikaa kizingitini nikitamani kumwambia aache, na sikumwambia. Nilichanganyikiwa na jambo moja: alikuwa amebaki, kama nilivyotaka, lakini hakuuliza tena maswali yake ya kitandani. Alilala akitazama ukuta.

Wazee wa mume walikuja wawili, na sukari na kitenge. Walikaa na Mjomba barazani tangu alasiri. Sisi watoto tulifukuzwa, lakini nilimkuta Bibi jikoni akimwambia Mama Shabani kwa sauti ya chini kwamba binti yake amemchosha, kwamba anasema mshumaa ukiwaka mpaka chini atapata nguvu ya kumwambia kaka yake hapana, na ukikataa atarudi kwa mume. "Mtu mzima anamwachia utambi umwamulie," Bibi alisema. Mama Shabani akasema dunia imeisha.

Nilisimama na kikombe mkononi. Nilijaribu kuyageuza yale maneno yawe na maana nyingine, hayakugeuka.

Kwa hiyo wa saba niliulinda. Aliumimina siku mbili kabla ya boti iliyopangwa kumrudisha kwa mume, kwenye glasi nene iliyopashwa moto juani, utambi umefungwa kwenye kijiti kilicholala juu ya mdomo wa glasi ili usiiname. Sikucheza. Nilimfukuza paka, niliwafukuza watoto wa Mama Shabani, nililala mbele yake kwenye mkeka kama mlinzi wa benki. Nilisoma sura zote nilizozijua, na nilizijua nne. Nta iliganda laini, bila hata tundu. Tuliuwasha mchana wa siku iliyofuata, tukakaa Mama Mdogo na mimi. Bibi naye alikuja, akasimama na mwiko, akijifanya anatafuta chumvi.

Uliwaka vizuri. Nasema kweli, sijawahi kuona moto umesimama vile. Uso wote wa nta uliyeyuka sawasawa hadi pembeni, bila shimo, bila moshi. Ulifika robo, ukafika nusu. Mama Mdogo alianza kutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Ndipo chini ya nusu uso wa nta ukabomoka ghafla, kama shimo la panya likibomoka, maana ndani kulikuwa na uwazi ambao hakuna aliyeuona. Utambi ukaangukia mle, nta iliyoyeyuka ikaufunika, na moto ukazimika. Moshi mweupe ulipanda ukiwa umenyooka.

Siku hizi najua kwamba nta ikipoa inasinyaa, inaacha tundu ndani, na watu hutoboa juu na kumimina mara ya pili. Ni jambo dogo sana. Siku ile hatukulijua. Mama Mdogo alilifunga daftari bila kuandika kitu. Bibi aliweka mkono kwenye bega lake, akautoa, akarudi jikoni. Mimi nilitaka kusema, lakini ningesema nini? Huu sikuugusa. Na ile mitatu niliyoigusa, nani ajuaye ingefanya nini?

Ndiyo maana asubuhi ile tulikuwa tunakwenda mwaloni, na ndiyo maana sikuelewa visigino vyake vilipokuwa vinapanda badala ya kuteremka.

Jua lilikuwa limeshakuwa kali tulipopata lori lililobeba mapipa matupu ya mawese. Dereva alitutazama, mwanamke na mtoto wa sare, akaniuliza, "Mwanafunzi, leo darasa lenu liko barabarani?" Kisha akamuuliza Mama Mdogo tunakwenda wapi. Mama Mdogo akamuuliza yeye anakwenda wapi. Akasema anashusha mapipa Kidahwe.

"Basi ndiko," Mama Mdogo akasema.

Tulikaa nyuma, kati ya mapipa, yakigongana na kutupaka rangi ya chungwa. Aliivua kanga yake akanifunika sare zisichafuke, kama vile kesho yake nitazihitaji. Nilifikiria Mjomba amesimama ufukweni akiangalia njia. Nilifikiria mwalimu wa zamu akiita jina langu. Sikujua kama boti imeondoka na kama hilo ni jambo jema.

Kidahwe nilikuwa napajua kwa jina tu. Lori lilitushusha, na tukatembea na mkoba mpaka nyumba yenye maandishi ya mkono ukutani kwamba kuna vyumba. Mwenyewe alikuwa mama mnene mwenye Kiswahili kilichotembea juu ya Kiha, akimenya mihogo huku redio ikiongea peke yake. Nilimpa shikamoo. Alifuta mikono akaleta kitabu cha wageni. Mama Mdogo akaandika jina lake, akaandika anatoka Ujiji, na pale panapoulizwa anakokwenda akaacha wazi. Yule mama akanionyesha kwa kidevu.

"Na huyu?"

"Huyu atarudi kesho asubuhi na lori," Mama Mdogo akasema. "Ana shule."

Basi nikajua. Sikulia. Niliingia chumbani, kilikuwa na kitanda kimoja, chandarua cha bluu na dirisha dogo lililotazama mgomba. Mama Mdogo aliketi akaanza kufungua viatu vyake. Nilifikiri kwamba kwa kuwa nimeshampoteza, hakuna nilichobakiwa nacho cha kuficha.

"Mama Mdogo, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Wa nne niliukata utambi. Wa tano niliutia maji. Wa sita niliusukuma."

Alibaki na kiatu kimoja mkononi. Nilingoja anipige, na ningeona ni haki. Hakuniuliza kwa nini. Aliuvuta mkoba, akatoa lile daftari langu la hesabu, akatafuta ukurasa.

"Uliukata kwa kitu gani, kisu?"

"Wembe."

"Nta imeshaganda?"

"Imeshaganda."

"Na maji yalikuwa kiasi gani?"

"Nilichovya vidole, nikakung'uta. Mara tatu."

Aliandika yote. Aliandika kwa mwandiko wake ule wa mviringo, mahali palipoandikwa sababu haijulikani. Kisha akanitazama, na macho yake yalikuwa na kitu ambacho nimekitafuta katika nyuso nyingi tangu hapo nikashindwa kukipa jina. Zilikuwepo hasira. Kulikuwa pia na kitu kingine, kama mtu aliyeambiwa kwamba yeye si mwendawazimu.

"Na wa saba?"

"Wa saba sikuugusa. Wallahi sikuugusa."

"Huo ulikataa wenyewe."

"Ndiyo."

Nje mihogo ilianza kukaangwa. Nikakusanya ujasiri wa mwisho niliokuwa nao. "Kama ulikataa, mbona hatukwenda kwenye boti?"

Aliutazama mguu wake uliobaki na kiatu kana kwamba jibu lilikuwa huko. "Nilikuwa nakwenda, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nakwenda kweli."

Akainuka akatoka vile vile, kiatu kimoja, akaurudisha mlango bila kuubana. Nilimsikia akimwita yule mama wa nyumba. Nikajua anauliza saa ya lori. Nilizikunjua soksi zangu, nikazikunja tena.

Nimejiuliza sana, katika vyumba vya kupanga kama kile, kama jioni ile alinisamehe, au kama aliogopa tu kulala peke yake mahali asipopajua, au kama alitaka shahidi wa ile mishumaa awe karibu. Sikuwahi kumuuliza. Na shule sikurudi, ingawa siku ile nilidhani ninakosa namba moja tu.

Kupitia ule mlango niliwasikia.

"Umeandika mmoja," yule mama alikuwa akisema.

"Tuko wawili."

"Huyo wa lori?"

"Lori liende zake."

"Haya. Mtakaa siku ngapi?"

Redio ikaongea.

"Mwandike mtoto kwanza," Mama Mdogo akasema, kisha akaanza kumtajia jina langu herufi moja moja, polepole, kwa kuwa yule mama hakuwahi kulisikia.